Stensili ya nanga na ngalawa kwenye tisheti: ikigoma, anza kuangalia hapa

"Dada angalia, nanga yangu imekuwa kama pweza." Meseji za namna hii napata sana, na picha inakuja chini yake, tisheti nyeupe nzuri kabisa halafu katikati kuna kitu cha bluu kimetambaa pande zote. Mwingine rangi imetoka yote kufuliwa mara moja tu, mwingine siku ya tatu rangi bado inanata. Nimeona niyaweke yote sehemu moja kwa dalili, ukikwama unaenda moja kwa moja kwenye lako. Kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana nikashuka mpaka ile ya nadra, kwahiyo usiruke, angalia ya juu kwanza maana ndo rahisi na haina gharama.

Niseme kitu mapema. Watu wengi wanailaumu stensili, ile karatasi iliyokatwa tundu la mchoro, wanakata nyingine na nyingine, wakati kwa tisheti nilizoziona mimi shida kubwa ni mbili tu: rangi nyingi kwenye sponji, na haraka. Hewa ya Dar ina unyevu wa bahari, kitu kinachoandikwa kwenye kopo kwamba kinakauka kwa masaa kadhaa hapa kwetu wakati wa masika kinaweza kulala mpaka kesho yake.

Vifaa ninavyozungumzia ni vya kawaida: stensili ya manila au ya lile kava la plastiki la kubaindia linalouzwa steshenari (wengine wanatumia filamu ya zamani ya eksirei, inadumu sana), kisu cha kukatia karatasi, rangi ya kitambaa ya maji, kipande cha sponji ya godoro, boksi la kuweka ndani ya tisheti, na pasi.

Rangi imetambaa chini ya stensili, kingo hazijanyooka

Hii ndo mama wa matatizo yote.

Sababu ya kwanza ni rangi nyingi. Ukichovya sponji, usiende moja kwa moja kwenye tisheti. Ibonyeze kwanza kwenye gazeti au kitambaa kibovu mara tatu nne mpaka iache alama kavukavu yenye vitundu, sio alama ya majimaji. Hapo ndo iko tayari. Ukiona sponji inang'aa kwa rangi, ujue imebeba nyingi.

Ya pili ni kupaka badala ya kudonoa. Ukivuta sponji kama unapaka rangi ukuta, rangi inasukumwa chini ya ukingo. Wewe donoa, juu chini juu chini, kama kuku anavyodonoa mchele, na uanzie juu ya stensili kwenda ndani ya tundu, sio kutoka ndani kwenda nje. Rudia tabaka mbili tatu nyembamba, kila moja ikikauka kidogo kabla ya nyingine.

Ya tatu, stensili haijalala vizuri. Manila ikishalowa inajikunja, na kwenye ncha za nanga, zile mbili zilizochongoka, ndo inanyanyuka ya kwanza. Jaribu hivi: pitisha kidole kwenye kingo zote kabla hujachovya rangi, ukisikia sehemu inacheza, hapo ndo patavuja. Dawa yake ni masking tepu pembeni na kidole kingine kushikilia ncha wakati unadonoa. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote nilivyojaribu ni ile karatasi ya kunata ya kufunikia madaftari. Unaikata mchoro, unaibandua, unaibandika kwenye tisheti halafu unaisugua kingo zake kwa mgongo wa kijiko. Inatumika mara moja tu, lakini kingo zinatoka kama zimekatwa na mashine.

Ya nne, umeongeza maji kwenye rangi. Rangi ya stensili inatakiwa iwe nzito kama mtindi. Ikiwa nyepesi kama maziwa, hata ufanyeje itafuata nyuzi za kitambaa. Usiongeze maji, kama imeganda sana kwenye kopo bora ununue nyingine.

Ya mwisho, na hii ni nadra, ni kitambaa chenyewe. Tisheti zenye vimistari vya kuvutika kama singlendi zina mabonde, rangi inapita chini kwenye mabonde hayo. Hapo badilisha tisheti.

Kama imeshatambaa na bado mbichi, usifute kwa kitambaa, utaieneza. Donoa kwa pamba ya masikioni yenye maji kidogo. Ikishakauka, mimi huwa nazungushia kamba: nachora mstari wa bluu kuzunguka nanga kama kamba ya meli, unafunika kingo zote mbovu na nanga yenye kamba ni mchoro wa mabaharia toka zamani, hakuna atakayejua.

Rangi imetokea mgongoni

Hukuweka boksi ndani. Au uliweka gazeti, na gazeti linalowa. Weka boksi gumu lililofunikwa na mfuko wa nailoni. Imeisha hiyo.

Rangi haikauki, siku ya pili ya tatu bado inanata

Kwanza fikiria hali ya hewa. Machi mpaka Mei na zile mvua za vuli, nguo ya kawaida tu inachukua siku nzima kukauka, sembuse rangi. Kipimo ninachotumia: weka mgongo wa mkono juu ya mchoro, halafu weka sehemu ya tisheti isiyo na rangi. Mchoro ukiwa wa baridi kuliko kitambaa, maji bado yamo ndani hata kama juu pamekauka. Tundika kwenye upepo, washa feni, subiri. Usiianike kwenye bati la moto saa saba mchana ikiwa na tabaka nene, juu panatengeneza ngozi na chini panabaki pabichi, ukija kupiga pasi inabanduka na kitambaa cha pasi.

Pili, tabaka nene. Kama umeweka rangi mpaka imevimba, ipe siku mbili.

Tatu, na hapa naomba usome vizuri maana imewapata wengi na mimi imenipata: umeuziwa plastisoli. Nilienda Kariakoo nikaomba wino mweupe wa kuchapia tisheti, muuzaji akanipa kikopo kisicho na lebo, akaniambia "huu ndo wanaotumia mafundi wote". Kweli mafundi wanautumia, ila hakuniambia kwamba wino ule haukauki kwa hewa. Nikakaa na tisheti nne kwenye kamba siku nne, kila nikigusa kidole kinatoka cheupe. Plastisoli ni wino wa plastiki na mafuta, unahitaji joto la kama nyuzi 160 za sentigredi lienee tabaka lote mpaka chini, na wenye skrini printi (wanaochapa kwa fremu ya wavu) wana mashine za kazi hiyo. Kuitundika hata mwezi hautakauka.

Namna ya kuujua: chukua tone kidogo kwenye kidole, chovya kwenye glasi ya maji ukisugua. Wino wa maji unayeyuka na maji yanabadilika rangi. Plastisoli inabaki kwenye kidole inateleza kama mafuta. Fanya jaribio hili dukani kabla hujalipa, muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hatakukatalia.

Kama tayari umeshachapa nayo, usihangaike na pasi ya nyumbani. Juu patashika, chini patabaki pabichi, na itachubuka. Peleka kwa fundi wa skrini printi akuivishie kwa mashine, mwambie mapema kwamba ni plastisoli.

Rangi inatoka ikifuliwa

Anza na pasi. Rangi nyingi za kitambaa zinashika kwa joto, sio kwa kukauka tu. Acha ikauke masaa 24, geuza tisheti ndani nje au funika mchoro kwa kitambaa safi cha pamba, weka pasi kwenye alama ya pamba, bila mvuke, pita taratibu dakika tatu mpaka tano kila sehemu bila kuituliza pasi sehemu moja. Kopo lako likisema vinginevyo lifuate kopo. Halafu ukae siku tatu ndo ufue, kwa maji ya baridi na mkono mwepesi. Nimeona watu wanachapa Ijumaa usiku Jumamosi asubuhi tisheti iko kwenye beseni na brashi. Hapana jamani.

Ya pili, rangi sio ya kitambaa. Rangi ya maji ya watoto wa shule itatoka yote, hiyo haina dawa. Rangi ya ukutani itashika shika halafu inabanduka vipande vipande.

Ya tatu, tisheti haikufuliwa kabla ya kuchapwa. Tisheti mpya ina dawa ya kiwandani inayoifanya ionekane imenyooka, na za mitumba pale soko la Karume nyingi zina harufu ile ya sabuni laini ya kunukishia nguo. Vyote viwili vinaweka utando juu ya nyuzi na rangi inakaa juu ya utando badala ya kuingia. Fua kwa sabuni ya kawaida, usiweke hiyo ya kulainisha, suuza mpaka maji yawe safi. Jaribio ni dogo: dondosha tone la maji kwenye tisheti kavu. Likinywewa hapohapo uko vizuri. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, fua tena.

Hapa niseme na habari ya maji, sababu maeneo mengi ya Dar tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri, unaongeza sabuni, inabaki kwenye nguo, na chumvi nayo inavuta unyevu wa hewa kwahiyo tisheti haikauki kabisa. Kama una ndoo moja ya maji ya bomba yasiyo na chumvi, itunze kwa suuza ya mwisho.

Ya nne ni poliesta. Rangi nyingi za kitambaa zimetengenezwa kwa pamba, kwenye poliesta tupu hazishiki sawasawa. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sinki uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi inaacha majivu. Poliesta inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Fanya mtu mzima, mbali na mtungi wa gesi, na usiguse kidonge kile mpaka kipoe, kinaunguza vibaya.

Mchoro umekuwa mgumu na unapasuka

Mpwa wangu nilimchapia nanga nyeupe kwenye tisheti ya bluu iliyoiva, akaipenda akaivaa mfululizo. Baada ya kufuliwa mara ya tatu alikaa kwenye benchi la pantoni ya Kigamboni akawa anaubandua ule mchoro kwa kucha, kipande kimoja kimoja, kama ganda la yai la kuchemsha. Mpaka tunafika Kivukoni nanga imebaki shina tu.

Nilichokosea ni kutumia emulshen ya ukutani iliyobaki, sababu ilikuwa nyeupe na ilikuwepo. Rangi ya ukuta imetengenezwa kukaa kwenye kitu kisichonyooka wala kuvutika. Tisheti inavutika kila ukivua na kuvaa. Hata akriliki ya wasanii bila ile dawa yake ya kuchanganyia kwa ajili ya kitambaa inakuwa ngumu hivyohivyo, ukiichanganya inalainika.

Kama rangi ni sahihi ila bado inapasuka, basi ni nene mno, rudi kwenye tabaka nyembamba. Na kama rangi sahihi, nyembamba, na bado, angalia kama tisheti ina spandeksi, zile za kubana. Hizo ziache.

Mchoro ulioshapasuka hauzibiki kwa kuongeza rangi juu, utapasuka palepale. Bandua kinachobanduka, uanze upya na rangi ya kitambaa.

Nyeupe haionekani kwenye tisheti ya bluu, au imebadilika rangi

Nyeupe ya kawaida inapitisha. Kwenye kitambaa cheusi na bluu iliyoiva unahitaji ile iliyoandikwa kwamba inafunika, na bado utapiga tabaka tatu, ukisubiri kati yake.

Ila kama ilikuwa nyeupe safi halafu baada ya pasi ikawa na ubluububluu, au kwenye tisheti nyekundu ikawa ya pinki, hiyo ni rangi ya poliesta kupanda. Rangi zinazotumika kutia poliesta zinageuka mvuke kwa joto na kuingia kwenye wino wako. Kurudia nyeupe juu haisaidii, itapanda tena. Tumia tisheti ya pamba.

Tundu la nanga limeziba, herufi hazina matumbo

Umekata DAR na umepata madude matatu yaliyojaa. Kipande cha katikati ya D, ya A na ya R kimedondoka, na ile pete ya juu ya nanga nayo vilevile. Kila kisiwa cha katikati lazima kiwe na daraja la kukiunganisha na bara, angalau milimita tatu, madaraja mawili kwa kila kisiwa ndo salama. Usukani wa meli ndo mgumu kuliko yote, una visiwa nane kati ya vijiti vyake, kwa mtu anayeanza namshauri aanze na nanga. Ukitumia karatasi ya kunata huhitaji madaraja, unabandika kisiwa peke yake mahali pake.

Na maandishi yakitoka kinyumenyume, ulichora upande wa gundi. Hakuna dawa, kata nyingine.

Watu wanauliza "hiki ni nini?"

Hili sio kosa la rangi, lakini naletewa sana na linaniuma zaidi, sababu mtu kakata kwa usahihi, rangi imekaa, halafu ngalawa yake inafanana na hema. Wengi wanachukua picha ya boti ya Ulaya kwenye simu, mlingoti umesimama katikati wima na pembetatu kila upande. Ngalawa yetu haiko hivyo. Nenda pwani ya Msasani au Kunduchi asubuhi uangalie. Mlingoti ni mfupi na umeinama kidogo mbele. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ni mrefu kuliko mlingoti na umelala mshazari, ncha ya chini iko mbele karibu na omo na ya juu imerushwa nyuma angani. Tanga linaning'inia hapo, tumbo limejaa upepo. Chini mtumbwi mwembamba, na zile mbao mbili za pembeni zinazouzuia usipinduke.

Kwenye stensili huwezi kuweka vyote. Kamba zitupe, ni nyembamba zitachanika. Acha tanga, acha pengo jembamba la foromali, acha mwili wa chombo, na mstari mmoja wa maji. Ukiweka mshazari sahihi, mtu wa pwani ataijua akiwa upande wa pili wa barabara.

Mistari ya baharia (ile ya kulala, bluu na nyeupe) imepinda

Mara nyingi ni sababu umeivuta tisheti kwenye boksi kubwa. Unachora mistari imenyooka, unatoa boksi, kitambaa kinarudi na mistari inakuwa mawimbi. Boksi liingie bila kulazimisha.

Ikiwa sio hiyo, ulipima kutoka kwenye pindo la chini. Tisheti nyingi, hasa mtumba, mshono wa ubavuni umejizungusha kuja mbele na pindo limeenda upande. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, piga mstari huo kwa chaki, yote mengine yafuate huo.

Na kama imenyooka lakini haivutii macho, ni upana. Kanuni ya mwaka 1858 ya jeshi la majini la Ufaransa, ilikotoka fulana hii ya mistari, ilitaka mistari myeupe 21 ya milimita 20 na ya bluu 20 au 21 ya milimita 10. Yaani nyeupe mara mbili ya bluu. Ukiilinganisha sawasawa inakuwa kama godoro. Masking tepu ya milimita 20 inakupa nyeupe bila hata kupima, unapaka bluu kwenye pengo, na unaibandua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukivuta ikiwa imejikunja karibu na kitambaa, sio kuinyanyua juu.

Hapa acha, ita mwenye kazi yake

Pasi ikitoa cheche, ikikupiga shoti hata kidogo, au soketi ikipata moto na kunuka plastiki, zima ukutani na umuite fundi umeme. Usifunge waya na selotepu umalizie tisheti mbili zilizobaki.

Umeme umekatika na una pasi ya mkaa, itumie nje barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu, toka nje na wenzako wote muende hospitali.

Usitumie thina, petroli wala mafuta ya taa kuondoa doa kwenye tisheti halafu ukaipiga pasi. Mvuke wake unawaka. Na rangi ya mafuta ya milango haitakiwi kwenye nguo kabisa, hasa ya mtoto.

Rangi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kusugua, bado inawasha nenda hospitali. Kisu kikikukata, bana kwa kitambaa safi, damu isipokata ndani ya dakika kumi au kidole kikifa ganzi nenda ukashonwe.

Na ukipata oda ya tisheti 40 za timu ya ngalawa kwa Jumamosi ijayo, stensili ya sponji haitaweza, mkono utachoka na ya 30 haitafanana na ya kwanza. Chora mchoro wako mwenyewe, upeleke kwa fundi wa skrini printi, na umuombe akuchapie moja ya mfano uifue kwanza nyumbani kabla hajaendelea na zingine.